Uzito Ghafi wa Bwanaheri

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo nimeanza kuandika shajara, kwa sababu mtu mwenye mambo mazito hapaswi kuyabeba kichwani peke yake.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wakulima hawajafika ghalani, nilipanda mizani. Kilo 104. Nikashuka, nikafuta vumbi kwenye bati la mizani, nikapanda tena. 104.

Mimi si mtu wa kutishwa na namba. Napima korosho hapa Mahurunga mwaka wa kumi na tisa huu, na kila mkulima anajua kuwa namba ya kwanza kusomeka ni uzito ghafi tu. Korosho haisomwi hivyo hivyo. Unatoa kilo moja ya gunia. Unatoa unyevu. Unatoa takataka. Kinachobaki ndicho uzito halisi. Kwa nini binadamu adhulumiwe kuliko korosho? Nikatoa kilo moja ya nguo (gunia), kilo mbili za chai niliyokuwa nimekunywa (unyevu), na nusu kilo ya ndevu, kofia na miwani (takataka). Uzito halisi: 100.5. Mtu wa kawaida kabisa!

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa nne. Simu ya Shangazi Mwanaisha, kutoka Mikindani. Huyu ni dada wa marehemu baba, ana miaka sabini na minane, na akipiga simu huhitaji kuiweka sikioni. Binti yangu Saida anaolewa Ijumaa ya tarehe 22 Novemba. Shangazi akanikumbusha kizibao cha babu. Kitambaa cheusi, tarizi za dhahabu, vifungo saba, kiko sandukuni mwake. Kila mwanamume wa ukoo wetu aliyemwoza binti alikivaa juu ya kanzu, vifungo vyote saba vimefungwa. Na babu aliusia kuwa mkasi usikiguse. Basi, akasema Shangazi, atakuja nacho Jumatano ya wiki ya harusi. Nitakivaa mbele yake. Kisipofunga, uwakala utakwenda kwa mdogo wangu Fahad. Yeye ndiye atakayemwoza Saida.

Fahad! Muuza vipuri vya pikipiki mjini Mtwara! Mtu ambaye tangu utotoni tunakula sahani moja, na mbavu zake zinahesabika mpaka leo!

Saida ni mwanangu wa pekee. Alipokuwa na miaka sita tulitoka harusini kwa jirani, nimembeba mabegani, nikamwahidi kuwa siku yake nitatamka maneno yale kwa mdomo wangu mwenyewe. Juzi alikuwa anapepeta mchele, akanikumbusha. Aliinama tu akaendelea kupepeta. Sitampa Fahad maneno yale. Ng'o!

Alhamisi, 31 Oktoba

Saida amenipeleka zahanati. Kumbe kuna kikundi cha uzito, kila Alhamisi, chini ya Sista Felista. Mwanamke mfupi, mpole, anauliza maswali kama karani wa mahakama. Nalala saa ngapi? Nakaa kitini saa ngapi kwa siku? (Tisa. Ni kazi ya heshima.) Marehemu mama aliugua nini? (Sukari.) Naonja korosho ngapi ghalani? Nikamweleza kuwa lazima mtu ahakiki ubora. Akauliza nahakiki viganja vingapi. Nikasema hatuhesabu.

Akaniuliza pia mdogo wangu wa mjini hajambo. Sijui alimjuaje. Wauguzi wanajua watu wengi.

Halafu akampa kila mmoja daftari lake, na kila daftari lina maagizo tofauti. Tofauti! Nikanyoosha mkono. Nikasema ghalani kwetu kipimo ni kimoja kwa wote, ndiyo maana hakuna ugomvi. Akajibu taratibu kuwa mwili wa mtu si gunia, na kwamba watu wawili wanaweza kula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwingine asinenepe, kwa hiyo dawa ya mmoja haiwi ya mwenzake. Wenzangu wakatikisa vichwa. Wanapenda kutikisa vichwa.

Daftari langu: ugali ngumi moja. Nusu sahani mboga za majani. Chai bila sukari. Korosho kiganja kimoja kwa siku. Juisi ya mabibo marufuku (msimu wenyewe ndio huu!). Na kutembea dakika arobaini kila asubuhi, kuelekea mtoni. Nikamwambia Ruvuma ina viboko. Akafuta akaandika: kuelekea shuleni.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimefuata daftari siku moja na nusu. Hali yangu ni mbaya sana. Mke wangu Subira alinipakulia ugali mdogo, nikadhani ni wa kuonja tu. Kisamvu bila nazi. Mtu anaweza kula kisamvu bila nazi, lakini lazima awe amekosea kitu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nilipokuwa natembea kuelekea shuleni, natweta, nikampita Jafari, mkulima wa mpunga na korosho kidogo, naye ni wa kikundi chetu. Ameketi barazani kwake na sahani ya mihogo ya kuchemsha, maharage kando, karanga juu. Nikamuuliza kwa upole kama haogopi daftari. Akasema hilo ndilo daftari lenyewe. Sista Felista amemwandikia ashibe asubuhi, kwa sababu anashinda bondeni na jembe, ila apunguze chumvi.

Mihogo! Maharage! Karanga! Na mimi ngumi moja!

Huu ni upendeleo wa wazi. Nina mpango.

Jumatatu, 4 Novemba

Mpango umefaulu kuliko nilivyotegemea. Niliwatangazia wenzangu wa kikundi kuwa mizani yangu ni ya uhakika, na kwamba kila Jumatatu saa saba mchana, ghala likiwa limetulia, nitawapima bure. Ila kila mmoja aje na daftari lake, nijaze uzito.

Wakaja. Nikawapima. Wakati wanavaa viatu, nikasoma.

Mwanaidi, anayenyonyesha: ale mara tano kwa siku, asikae na njaa, maana mtoto anamtegemea. Mwalimu Gladness, mwenye magoti mabovu: asitembee mwendo mrefu, mchana anyooshe miguu juu ya mto, mazoezi ayafanye amekaa. Jafari: ashibe asubuhi.

Ndipo nikaelewa. Sista Felista ameigawa dawa vipande vipande, kila mtu kapewa kipande, hakuna aliye na dawa nzima. Sasa mtu akivikusanya vipande vyote, si atapona mara nne?

Nimeandika kwenye karatasi, kwa wino mwekundu, MPANGO MKUU. Kushiba asubuhi (Jafari). Kula mara tano (Mwanaidi). Kunyoosha miguu juu ya mto mchana, na kutotembea mwendo mrefu (Gladness). Katika daftari langu mwenyewe nimechukua korosho, ila kiganja kimoja kwa kila mlo, si kwa siku. Hapo Sista aliteleza kalamu.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya pili ya Mpango Mkuu. Sijawahi kujisikia vizuri namna hii! Mihogo asubuhi. Uji wa Mwanaidi saa nne. Wali saa saba. Miguu juu ya gunia mpaka saa tisa. Kisha mlo wa nne, na wa tano. Wakulima wameniuliza kama naumwa miguu. Nikawaambia ni tiba.

Subira ameuliza hii ni tiba gani ambayo mgonjwa anamaliza sufuria. Nikamwambia ya kisasa. Akaguna.

Uzito ghafi 105.5. Nimetoa gunia, kilo moja. Unyevu, kilo tatu, kwa sababu ya uji. Takataka, kilo moja. Nimetoa pia kilo mbili za chakula ambacho bado kiko tumboni na hakijawa mimi. Uzito halisi: 98.5. Napungua!

Ijumaa, 8 Novemba

Fahad amenitumia picha. Amekwenda Mikindani kwa Shangazi akakijaribu kizibao. Kimemkaa. Vifungo saba, vyote. Amesimama mbele ya ukuta, kidevu juu, anatabasamu. Chini ameandika: Kaka, nakutakia mafanikio.

Mafanikio! Nimeitazama picha hiyo mara kumi na moja. Kimemkaa kifuani, kimemkaa tumboni, hakuna hata mkunjo. Mgongo hauonekani, lakini mgongo wa Fahad haujawahi kumvutia mtu.

Nikafikiri. Ikiwa mimi napungua na Fahad naye ni mwembamba, tuko sawa. Lakini ikiwa mimi napungua na Fahad ananenepa? Adhuhuri nilikuwa nimeshapakia mzigo kwenye gari liendalo mjini. Korosho za kukaanga kilo tano. Chupa mbili za asali. Mkungu wa ndizi. Kapu la kochoko, mabibo yaliyokaushwa, matamu sana, nimeyaonja kwa uhakiki. Nikampigia shemeji yangu Mariamu, mkewe Fahad, nikamwambia mumewe asije akazirai siku ya shughuli, ampikie wali wa nazi kila jioni. Mariamu alinishukuru karibu alie. Akasema hakujua kuwa nampenda mdogo wangu kiasi hicho.

Nilijisikia vibaya kidogo. Yakaisha.

Jumapili, 10 Novemba

Fahad amepiga simu kushukuru. Zawadi imeisha. Yote! Siku mbili! Amekula na mafundi wawili wa dukani, lakini asali aliinywa peke yake. Amejipima duka la dawa. Amepungua nusu kilo.

Mwili huo ni wa namna gani? Angekuwa korosho ningemrudisha kwa mwenye shamba.

Akauliza kama nina kochoko zaidi.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kitandani kwangu, kwa amri.

Tangu Jumamosi nilikuwa na kiu. Kiu ya ajabu. Nikaizima kwa juisi ya mabibo, jagi la asubuhi, jagi la mchana, maana ni maji tu na nitayatoa kwenye unyevu. Kadiri ninavyokunywa ndivyo kiu inavyozidi. Leo saa sita nikiwa nimenyoosha miguu kwa mujibu wa Gladness, nikalala juu ya magunia. Jafari alileta korosho zake, akaniita. Akaniita tena. Akanimwagia maji. Nikamwambia atoe gunia kwanza. Basi akadhani naaga dunia.

Wakanipakia kwenye toroli la magunia, wanaume wanne, wakanisukuma mpaka zahanati. Tukapita mbele ya shule. Mwalimu Gladness akatoa darasa zima nje wasimame kwa heshima. Wengine walikuwa wameanza kusoma Fatiha.

Sukari kumi na nne na ushee. Uzito ghafi, kwa mizani ya zahanati, 107. Sista Felista hakutoa hata gunia.

Katika mfuko wa shati wakakuta MPANGO MKUU. Akausoma mpaka mwisho. Hakupayuka. Aliniuliza tu katika hawa watatu mimi ni yupi: anayenyonyesha, anayelima, au mwenye magoti. Nikaomba nirudishiwe karatasi.

Saida aliingia mbio bila kiatu kimoja. Akanishika mkono akalia. Sijamwona analia hivyo tangu utotoni. Akasema kizibao hakitaki, Fahad hamtaki, anachotaka ni baba yake awepo Ijumaa ile, na awepo mwakani, na awepo wajukuu wakimpanda mabegani. Akasema bibi yake alikwenda kwa sukari hii hii, na yeye aliona. Nikamwambia anyamaze, nimemsikia. Na mimi nililia. Hili naliandika kwa kuwa shajara ni ya siri.

Alhamisi, 14 Novemba

Daktari wa mjini ameniandikia vidonge. Sista Felista ameniandikia daftari jipya. Amekaa nami saa nzima. Akasema kosa lingine ni lake: aliniandikia daftari la mtu anayekaa kitini, akasahau kuniandikia daftari la Bwanaheri. Akanitaka nimweleze kazi yangu. Nikamweleza ghafi na halisi, gunia, unyevu na takataka. Nikaeleza vizuri sana. Alisikiliza kweli kweli, akaandika.

Kisha akasema, kwa kuwa Mungu amenipa mkono wa makato, nikate. Ila nikate kwenye sahani, si kwenye mizani. Chakula kikipakuliwa, huo ni uzito ghafi. Nitoe gunia: robo ya ugali irudi sufuriani. Nitoe unyevu: juisi, soda na sukari ya chai. Nitoe takataka: mafuta yanayoelea na korosho zinazozidi kiganja. Kinachobaki ndicho chakula halisi. Kwenye mizani, marufuku kukata hata kofia.

Na nisikae saa tisa. Kila gunia likipanda mizani, nisimame. Msimu huu magunia ni mengi.

Lazima nikiri, mwanamke huyu ana kichwa. Ni bahati yake kunipata.

Leo mchana nilikata sahani mbele ya Subira kwa mwiko, kitaalamu, nikimtajia daraja la kila kipande. Subira alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 18 Novemba

Uzito ghafi 103. Bila makato. Inauma kuandika namba uchi namna hiyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kila asubuhi Saida anatembea nami. Viboko tumewaacha, tunakwenda upande wa shule, halafu tunapita kwenye mikorosho na kurudi. Siku ya kwanza nilisimama mara sita kutazama mandhari. Leo mara mbili. Tunazungumza. Ananiuliza mambo ya zamani, namna nilivyomposa mama yake. Nikamwambia mambo yote isipokuwa yale ya mbuzi. Akasema mama ameshamweleza ya mbuzi.

Anahamia Mikindani kwa mumewe, Muzamil, kijana mtaratibu, fundi umeme. Mwendo wa gari tu. Nimejiambia hivyo mara kadhaa tukiwa njiani. Nikamwonyesha mkorosho niliopanda mwaka aliozaliwa. Akaugusa shina. Nilikuwa na vumbi jichoni.

Majaribu ni mengi. Jafari ameleta debe la mabibo mekundu kumshukuru Mungu kwamba maji yale aliyonimwagia hayakuniua. Nikalisukuma kwa mguu mpaka nje ya ghala. Kwa mguu, kwa sababu mkono ungekosea.

Jumatano, 20 Novemba

Shangazi Mwanaisha ameingia saa tatu na sanduku lake. Akaufunga mlango wa sebule. Subira, Saida, yeye na mimi. Nikavaa kanzu. Akakitoa kizibao kwenye kitambaa cheupe, harufu ya udi ikajaa chumba kizima.

Kifungo cha kwanza, kikafunga. Cha pili. Cha tatu. Nilimwona Saida midomo inacheza dua. Cha nne. Cha tano, nikavuta pumzi. Cha sita, nikaacha kuvuta pumzi.

Cha saba, hapana.

Ulibaki mwanya wa kidole kimoja. Kidole kimoja! Shangazi akavuta huku, Subira akavuta kule. Nikajaribu kuwaza mambo membamba. Hapana. Shangazi akapima ule mwanya kwa kidole chake, akanivua. Akakikunja. Akasema uamuzi atautoa Ijumaa asubuhi, wala asiulizwe. Akafunga sanduku.

Saida alikuja nyuma ya nyumba nilikokaa. Alikaa pembeni yangu akanichambulia dagaa. Nimemwambia anisamehe. Ningeanza kusikiliza ile Alhamisi ya kwanza, kidole kile kisingekuwepo. Wiki nzima nimeila na mihogo.

Fahad amefika jioni na kanzu mpya. Nimemkaribisha. Nimemwambia kama ni yeye atakayetamka, basi asikohoe. Akaniangalia, akageuka haraka. Nilidhani anacheka. Ningempiga, lakini ni mgeni.

Ijumaa, 22 Novemba

Alhamdulillahi!

Naanza mwanzo. Saa mbili asubuhi Shangazi ananiita chumbani. Ananivika kizibao. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Saba! Saba, kikaingia chenyewe! Nikaruka. Nikapiga kelele kuwa nimepungua kidole kizima kwa siku mbili. Shangazi akasema nisiruke, uzi bado mpya.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikaa mbele ya Muzamil, mkono wangu na mkono wake, sheikh kando, watu wamejaa mpaka uwanjani. Nikafungua mdomo. Maneno niliyoyafanyia mazoezi miaka kumi na minane yakakimbia. Nikamwona Saida wa miaka sita, mabegani kwangu, ananishika masikio. Sheikh akanigusa. Nikatamka. Nimekuoza binti yangu Saida. Kwa mdomo wangu. Sauti ilikatika katikati, nikairudia, ikatoka. Vigelegele kutoka ndani vilipasua bati. Vifungo saba vilishika vyote.

Mchana, wageni wakila, nikamwambia Shangazi haya ni maajabu ya babu. Akaniita ndani, akanivua kizibao, akakigeuza ndani nje.

Lahaula! Kimejaa mishono! Hapa kimebanwa, pale kimeachiwa, hapa kimebanwa tena. Akanionyesha kwa kidole: huu wa baba yako, alikuwa na kifua kipana. Huu wa ami yako, alikuwa na kibyongo. Huu wa babu yako mwenyewe, alipomwoza binti wa pili alikuwa ameshanenepa. Kila mwanamume amekivaa kwa kipimo chake. Nikamuuliza habari za mkasi. Akasema mkasi haujakigusa, amefumua kwa wembe. Na huu wa mwisho, akasema, ni wako, nimeushona jana kwa uzi wa mshipi, maana nakujua. Kitambaa cha akiba kilichobaki ndani kilikuwa upana wa kidole kimoja tu. Ungekuja na tumbo lile la kwenye toroli, akasema, kitambaa hicho duniani hakipo, na Fahad angemwoza Saida kweli.

Ndipo Fahad akaingia, na hakuweza kujizuia tena, akacheka akaniambia yote. Kwake kizibao ni kipana, kinaelea! Ile picha walimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vibanio tisa! Mariamu ndiye alivibana, Shangazi ndiye aliyepiga picha.

Na Saida, maskini, kwenye nguo zake za bibi harusi, akakiri. Oktoba aliniona nakunywa maji kama bibi yake alivyokuwa akinywa. Akaenda kwa Sista Felista. Sista akamwambia kila mtu ana kinachomsukuma, mwingine hofu, mwingine wajukuu, mwingine dini. Akauliza, baba yako husukumwa na nini? Saida akajibu bila kufikiri: Baba mdogo Fahad. Wakampigia Shangazi.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu. Saida akaniwekea mkono kwenye kifungo cha saba, akasema kimependeza. Basi.

Alipopanda gari la Mikindani nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Fahad alisimama nami. Hakukohoa hata mara moja.

Jumatatu, 25 Novemba

Nyumba imenyamaza. Subira ameweka sahani ya tatu mezani kwa mazoea, tukaitazama. Saida amepiga simu mara mbili kabla ya saa tatu. Ameuliza kama nimetembea. Nimesema ndiyo. (Mpaka ghalani. Ni kutembea.)

Sasa nimetulia, nimetafakari mambo yote haya, na nimepata fundisho kubwa. Sista Felista ana moyo mzuri, lakini anapoteza muda kuandika madaftari tofauti, mtu mmoja mmoja, saa nzima nzima, wakati dawa imeshapatikana! Imenifaa mimi, itawafaa wote. Leo saa saba, kikundi kilipokuja kupimwa, niliwagawia karatasi niliyonakili kwa wino mwekundu. MPANGO MKUU WA PILI. Kila mtu akate sahani yake. Kila mtu atembee mpaka shuleni. Kila mtu asimame siku nzima. Na kila mtu atafute mdogo wake wa kumwonea wivu.

Mwanaidi amesema yeye ni kitindamimba. Nimemwambia nitamwazima Fahad. Mwalimu Gladness ameyatazama magoti yake, akanitazama mimi, akaikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa kiti kinachoyumba. Jafari ameuliza akikata mihogo nani atalima. Wabishi sana watu hawa. Nimesikia wamekwenda moja kwa moja zahanati, bila shaka kumweleza Sista habari njema. Ameagiza nifike kesho asubuhi na mapema. Nadhani anataka kunipa kazi.

Fahad naye anamwoza binti yake mwakani, na kizibao kinamwelea. Nimempigia kumwambia asihangaike kukibana tena, kaka yake anajua kunenepesha mtu kisayansi. Nimeitafuta ile karatasi ya kwanza. Mihogo asubuhi, mara tano kwa siku, miguu juu. Nimempelekea na kapu la kochoko. Nusu kapu. Lililobaki linahitaji kuhakikiwa.

Uzito ghafi leo 104. Lakini mle ndani mna pilau ya Ijumaa, ya Jumamosi na ya Jumapili, kilo tatu kwa uchache, na pilau ya harusi ni ya wageni, si yangu. Nimeitoa. Nimetoa na huzuni ya kuachwa na binti, kilo mbili, kila mzazi anajua uzito wake.

Uzito halisi: 99. Subira analeta jagi la mabibo. Dogo.